Chuo Hakina Huduma Hiyo

Ilembo, Mpanda
14 Novemba 2023

Kaka Hilari,

Shikamoo. Mama ameniamuru nikusalimie kabla sijaandika neno lingine lolote, na amekaa hapa pembeni kuhakikisha. Goti lake la kushoto linamsumbua tangu mvua zianze, lakini leo ametembea kwa miguu kutoka Majengo mpaka kwangu. Alikataa bodaboda, anasema bodaboda ni za wagonjwa. Mume wangu Mwandu yuko kwenye majaruba ya mpunga tangu alfajiri, hurudi amechoka mpaka analala na kijiko mkononi. Mwanangu Glory amekuwa wa tatu darasani na ameniomba nihakikishe mjomba wake anajua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu, tukifika habari za kazi, wewe husema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho.

Unajua huu ni mwaka wa pili niko kwenye kiti cha mshauri wa wanafunzi hapa kwenye tawi la chuo. Kazi yenyewe ni kumsubiri mwanafunzi aliyekwama aje, nimwelekeze pa kwenda. Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijui pa kumwelekeza. Kila idara ina vitu vyake na kila idara imevifungia kabatini. Basi mwezi uliopita niliwaita watu wachache chumba namba sita, Alhamisi, baada ya chai ya saa nne. Alikuja Edina, muuguzi wa zahanati ya chuo. Alikuja Krispini anayefundisha hesabu, matroni wa bweni la wasichana, mkutubi, mtu wa idara ya misitu, na Kassiani, mtunza stoo. Nikawaambia kila mtu aseme ofisi yake ina nini cha kumsaidia mwanafunzi, hata kama kimelala. Mwanzoni walitazamana kama wazee waliokwenda kupeleka posa wakasahau nani msemaji.

Edina ndiye aliyeanza. Alisema ametenga saa mbili kila Jumanne za kuzungumza na wanafunzi wenye mawazo mazito, na tangu Machi wamekuja wanne tu, kwa sababu hakuna anayejua. Krispini akasema kila Jumamosi anawafundisha hesabu upya wale waliotoka shule zisizokuwa na mwalimu wa hesabu, kibarazani kwake, kwa vile hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa kutumia darasa. Misitu wana jozi thelathini na nane za mabuti, huku wanafunzi wa kilimo wanaingia shambani na ndala. Matroni ana chumba kitupu. Tuna binti wa mwaka wa kwanza mwenye mtoto mchanga, ananyonyeshea chooni.

Halafu Kassiani akataja vilivyomo kwenye stoo ya idara ya elimu. Hapo nilishindwa kuendelea kuandika, mkutubi akaichukua kalamu. Ipo sababu, ila leo sitaisema.

Yote tumeyaandika kwenye karatasi za manila na kuzibandika nje ya bwalo la chakula: UKIKWAMA, ULIZA HAPA. Jina la mtu, chumba, siku, saa. Kesho yake watu walisimama pale wakisoma mpaka chai ikapoa.

Wewe unakaa karibu na milango ya wakubwa hapo makao makuu. Waambie jambo hili lipo, na ni jema.

Mdogo wako,
Klementina


Singida
9 Desemba 2023

Mdogo wangu Klementina,

Marahaba. Sisi wazima. Wifi yako Recho amemtayarishia mama mafuta ya alizeti, yatafika na basi la Jumatatu. Mwambie asiyagawe yote kwa majirani kabla hajayaonja. Mpe Glory pongezi zangu. Huku mvua bado zinatutania, mawingu yanakuja na kuondoka.

Barua yako niliipata tarehe ishirini mwezi uliopita. Nimechelewa kujibu na sina sababu nzuri ya kukupa.

Kazi mliyoifanya ni nzuri. Marehemu baba angeipenda, hasa hiyo ya mabuti. Lakini wewe umefanya kazi chuoni miaka tisa na unajua mambo yanavyokwenda. Vifaa vya mradi huja na masharti. Mradi ulioleta vifaa vya idara ya elimu uliitaja idara ya elimu, haukutaja nyingine. Misitu hawakuombwa kwa maandishi. Na mtu akiisoma ile karatasi ukutani, jambo la kwanza atakalojiuliza ni kwa nini vitu hivyo vililala muda wote huo. Huku maswali ya namna hiyo yameshaanza, kuna mtu aliipiga picha na kuisambaza.

Nakushauri kama kaka: zibandueni. Andika andiko la ukurasa mmoja, lipitie kwa mkuu wa tawi, lifike menejimenti mwezi wa tatu. Litachukua muda lakini litadumu.

Hujaniambia kilichokufanya ushindwe kuandika siku ile. Tangu utoto sijawahi kukuona ukishindwa kuandika.

Msalimie shemeji Mwandu.

Kaka yako,
Hilari


Ilembo, Mpanda
6 Januari 2024

Kaka Hilari,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mafuta yalifika salama na mama ameyagawa kama ulivyohofia. Krismasi alisali misa mbili, ya alfajiri na ya saa nne, anasema moja ilikuwa yake na nyingine yako wewe usiyekuja nyumbani. Huu ni mwaka wa tatu, kaka.

Waraka wa makao makuu ulifika tarehe 19 Desemba. Nadhani unaufahamu. Karatasi zibanduliwe mara moja. Vifaa visitumike nje ya idara husika. Taarifa za ndani ya chuo zisitangazwe bila kibali. Umeandikwa kwa adabu. Kuna mahali unasema, "kwa kuzingatia utaratibu uliopo, na bila kuathiri nia njema iliyokusudiwa." Sentensi hiyo nimekaa nayo sikukuu nzima. Katika maisha yangu namfahamu mtu mmoja tu anayeomba radhi katikati ya amri. Sikuulizi kitu. Nakueleza tu nilichofikiri.

Sasa nikusimulie tulichofanya. Alhamisi ile niliusoma waraka kwa sauti, chumba namba sita, kuanzia kumbukumbu namba mpaka muhuri. Nilipomaliza, matroni akauliza kama ni lazima tutii. Krispini akaomba auone. Unamjua mtu wa hesabu, aliusoma mstari kwa mstari kama anasahihisha mtihani.

"Unasema karatasi zisiwepo kwenye kuta za chuo," akasema. "Sawa. Mimi yangu naibandika kwenye mlango wa ofisi yangu. Mlango sio ukuta."

Watu walicheka, lakini hakuwa anatania. Alichukua mkasi akaikata sehemu yake, akaondoka nayo. Edina akachukua yake. Matroni yake. Kufika saa saba mchana ukuta ulikuwa mweupe kama walivyotaka, na milango sita ina karatasi.

Akabaki Kassiani. Huyu mzee, tangu nimjue, hajawahi kutoa hata kalamu bila saini mbili. Mwisho akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

"Zile mashine nilizipokea mimi, Machi 2021," akasema. "Nimezilinda karibu miaka mitatu. Mwakani nastaafu. Wajukuu wakiniuliza nilikuwa nalinda nini, niwajibu maboksi?"

Siku hiyohiyo tulizibeba kwenda maktaba, yeye na mimi na mkutubi. Zipo kwenye meza ya dirishani na yeyote anayezihitaji anazitumia, awe wa elimu, awe wa kilimo.

Kwa hiyo jibu letu kwa waraka ni hapana. Andiko la ukurasa mmoja nimeliandika pia, maana wewe ndiye uliyenishauri. Lakini sitamwambia mwanafunzi asubiri mwezi wa tatu wakati kitu kiko mezani.

Klementina


Singida
25 Januari 2024

Klementina,

Marahaba. Sisi hatujambo. Recho alikuwa na malaria, amepona.

Barua yako nimeisoma. Mambo ya ofisini usiniulize kwa barua wala kwa simu. Usiniulize hata kwa mtindo ule wa kutouliza.

Lakini na mimi niseme moja. Umenieleza milango sita, umenieleza mashine, ila hujanieleza mashine za nini. Umeandika kurasa nne ukizunguka kitu. Mtu hagombani na waajiri wake hivi kwa sababu ya mabuti. Unanitaka mimi niseme ninachokificha, wewe chako umekifungia wapi?

Mwambie mama nitakuja. Sitaji tarehe.

Hilari


Ilembo, Mpanda
18 Februari 2024

Kaka Hilari,

Shikamoo. Mpe Recho pole, mwambie asikimbilie kazi nzito. Mama goti limetulia kidogo. Mpunga umesimama vizuri, Mwandu sasa anagombana na ndege.

Umeniuliza vizuri, na nilistahili. Nasema.

Oktoba 2022 tulimpokea kijana anaitwa Elia, anatoka kijiji cha ndani huko Ugalla, kusomea kilimo na ufugaji wa nyuki. Ana uoni hafifu tangu kuzaliwa. Hatumii fimbo, anatembea vizuri, lakini maandishi ya kitabu hayaoni hata akiyasogeza puani. Sekondari alikuwa anasomewa na dada yake, wakapanda madarasa pamoja mpaka kidato cha sita. Chuoni dada hakuwepo. Alikuja ofisini kwangu mara tatu kuuliza kama kuna msaada wowote wa kusomea. Niliwauliza idara yake ya kilimo, wakasema hakuna. Mara ya tatu aliomba jibu la maandishi ili akamwonyeshe baba yake. Nikamwandikia. Nayakumbuka maneno yote: "Chuo hakina huduma hiyo. Unashauriwa kuahirisha masomo hadi hapo itakapopatikana." Nikasaini, nikapiga muhuri. Wiki hiyohiyo akaondoka.

Zile mashine, kaka, ni za kukuza maandishi. Unaweka ukurasa chini, herufi inatokea kwenye kioo imekuwa kubwa kama kidole gumba. Zilikuwa mbili, na vinasa sauti vinne, kwenye maboksi ambayo hayajafunguliwa, hatua thelathini kutoka kwenye kiti changu. Nimezihesabu hizo hatua. Wakati naandika barua ile zilikuwepo. Sikumuuliza Kassiani kwa sababu haikunijia akilini kumuuliza mtu wa stoo habari za mwanafunzi.

Ndiyo sababu nilishindwa kuandika siku ile.

Jumamosi ya tarehe 10 nilikwenda Ugalla kumtafuta. Barabara ni matope matupu, mwendesha bodaboda alinishusha mara tano nitembee, na nzi wa ndorobo walinila shingo mpaka ikavimba. Nilimkuta kwenye kibanda nyuma ya nyumba yao anatengeneza mizinga ya mbao. Anapima kwa vidole, anapiga msumari bila kukosea. Alinitambua kwa sauti. Akaniletea kigoda, akaendelea na kazi.

Nilimwambia yote, kwamba vifaa vilikuwepo, kwamba sikuvitafuta, kwamba sasa vimetolewa na nafasi yake ipo akitaka kurudi mwaka mpya wa masomo ukianza. Aliniacha nimalize.

"Ile barua yako ipo," akasema. "Baba ameiweka na cheti changu cha ubatizo. Aliwasomea watu hapa, siku niliporudi. Kijiji kizima kinajua serikali na chuo wamesema mtu kama mimi hana mahali."

Nikamwambia serikali haikusema, nilisema mimi.

"Ina muhuri," akasema. "Kwao muhuri ni muhuri. Sasa nikirudi hivihivi watasema nimekwenda kuombaomba. Andikeni kwamba mlikosea. Na nyie muweke muhuri kama ule. Halafu muandike kwa herufi kubwa niisome mwenyewe. Ile ya kwanza nilisomewa."

Nikamuuliza, je, nikimwandikia hivyo atarudi. Akasema, "Andika kwanza. Usininunue."

Baba yake alinisindikiza mpaka barabarani.

Jumatatu nimeandika. "Barua ya tarehe 5 Desemba 2022 ilikuwa na kosa. Huduma ilikuwepo. Mimi niliyesaini sikuitafuta. Elia hakustahili kuondoka." Nimeichapa kwa herufi kubwa, imechukua kurasa tatu. Nimesaini jina langu, nimepiga muhuri uleule. Nakala nimepeleka makao makuu, ili mtu asije kusema nilijificha.

Haya, changu nimekifungua.

Klementina


Singida
20 Machi 2024

Mdogo wangu Klementina,

Marahaba. Sote tunaendelea vizuri, na nyie natumaini mko vizuri, hasa mama.

Waraka wa Desemba niliuandika mimi. Uliutambua na nikakufokea kwa kuutambua. Niliambiwa uandikwe, nikasema nitauandika mwenyewe, maana nilijua ni wewe utakayeupokea. Nilidhani ukitoka mkononi kwangu utauma kidogo kuliko ukitoka kwa mwingine. Nikaweka yale maneno ya nia njema. Nimeandika nyaraka hapa miaka kumi na tatu na nimejiaminisha kwamba mwandishi hana dhambi, dhambi ni ya anayesaini. Ulipoandika habari ya wewe na saini yako, nilikaa nje ya nyumba mpaka Recho akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nakala ya barua yako kwa Elia ilifika tarehe 26 Februari. Sitakueleza yote yaliyosemwa. Hofu yao ni moja: kosa lililokiriwa kwa maandishi linaweza kutumika dhidi ya chuo. Wiki iliyopita niliitwa nikaambiwa niandae hati ya mashtaka ya nidhamu dhidi yako. Nilirudi mezani kwangu, nikaandika tarehe na kumbukumbu namba, nikafika hapo. Nikainuka nikaenda mlangoni kwa mkubwa wangu.

Nikamwambia, "Hii siiandiki."

Akasema, "Kwa sababu ni dada yako."

Nikasema, "Hilo peke yake linatosha kuniondoa kwenye jambo hili. Lakini hata angekuwa mtu nisiyemjua nisingeiandika. Alichokiandika ni kweli, na wote humu ndani tunajua ni kweli."

Hakunifokea. Alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikizungumza. Hati imeandikwa na mtu mwingine, na kuanzia Jumatatu mimi nimehamishiwa masjala, chini kabisa, kwenye mafaili. Mshahara haujaguswa. Recho amesema afadhali, maana zamani nilikuwa nalalamika usingizini.

Sasa sikiliza. Kikao kitakuja huko Mpanda tarehe 16 Aprili, watu watatu. Una haki ya kuingia na mwenzako mmoja. Una haki ya kupewa kila karatasi watakayoitumia, siku saba kabla. Una haki ya kuleta mashahidi. Usisaini kitu ambacho hukukisoma, na ukisaini unaweza kuandika chini yake kwamba hukubali. Sijavujisha siri. Haya yote yamo kwenye kanuni za utumishi, ambazo kila mfanyakazi alitakiwa kupewa siku ya kwanza kazini. Huku masjala nimekuta maboksi sita ya vitabu vyake, mapya. Nimekutumia ishirini kwa basi. Wagawie.

Usiogope. Au ogopa, lakini nenda.

Kaka yako,
Hilari


Ilembo, Mpanda
5 Mei 2024

Kaka Hilari,

Shikamoo. Vitabu vilifika kabla ya barua, mama akadhani umetuma biblia. Tumevuna mpunga, gunia zimejaa sebuleni, tunakula tumekaa juu yake.

Sikukujibu mapema kwa sababu sikutaka uwe na barua yangu mfukoni kabla ya kikao. Wangekuuliza, na wewe hujui kudanganya, umekuwa ukinyamaza tu.

Walikuja watatu, kama ulivyosema. Niliingia na Krispini. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole, mwenye miwani. Aliisoma barua yangu kwa Elia, zile kurasa tatu, akazitandaza mezani kama vitenge.

Akaniuliza, "Nani alikupa ruhusa ya kuandika kwamba chuo kilikosea?"

Nikamwambia, "Sikuandika chuo kilikosea. Niliandika mimi nilikosea. Kosa langu sihitaji ruhusa kulisema."

"Umetumia muhuri wa chuo."

"Nilimfukuza kwa muhuri wa chuo. Ningemrudisha kwa muhuri gani?"

Yule wa pembeni akasema sikumfukuza, nilimshauri aahirishe. Nikamwomba aisome tena barua ya kwanza, aisome kwa sauti, na ajifanye ni baba wa Ugalla anayewasomea majirani. Hakuisoma.

Walitaka niandike barua nyingine, fupi, kuifuta ile ya Februari. Wakasema nikifanya hivyo yataishia hapo na nitabaki kwenye kiti changu. Mwenyekiti alinisogezea karatasi na kalamu. Sitakuficha, kaka, kalamu niliishika. Nilifikiria ada ya Glory na goti la mama. Krispini hakunigusa wala hakunitazama, alikuwa anaangalia dirishani. Nikaisukuma karatasi ikarudi kwake.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Kassiani, hajaitwa, amevaa koti lake la harusi za watu, na daftari la stoo kwapani. Alisimama mpaka wakamruhusu aseme. Alifungua ukurasa wa Machi 2021, akaweka kidole kwenye mstari wa mashine, na akasema, "Mkimwadhibu huyu kwa kusema zilikuwepo, basi na mimi niandikieni. Maana niliyeandika kwamba zimeingia ni mimi, na hakuna aliyewahi kuja kuziulizia." Nyuma yake, kwenye korido, walikuwa wamesimama Edina, matroni na mkutubi. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, kwa muda wa saa mbili na nusu, na kazi zao zikiwasubiri.

Uamuzi ulitoka juzi. Onyo la maandishi, na nimeondolewa kwenye ushauri wa wanafunzi. Narudi kufundisha tu. Nimesaini kwamba nimelipokea, chini yake nikaandika: sikubali. Kiti amepewa Edina. Siku ya kwanza alinifuata darasani kuniuliza Alhamisi tunakutana saa ngapi. Nikamwambia saa nne, kama kawaida.

Barua ya Elia hawakuifuta. Hawakupata mtu wa kusaini kwamba ni uongo. Yeye mwenyewe hajajibu.

Mama nilimweleza yote. Alisikiliza, akauliza kama kwenye kikao niliwaita watu wale kwa heshima. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hujakosa kitu," akaendelea kupepeta mchele.

Klementina


Singida
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Sina la kuongeza juu ya kikao. Nina habari ndogo. Hapa masjala tumeanza kukutana Ijumaa asubuhi, mimi, mama wa mapokezi na fundi wa kompyuta. Tunaandika makao makuu yana nini. Tumekuta mengi. Mkubwa wangu wa zamani alipita, akatazama, akaendelea na njia yake.

Je, kijana amejibu? Kama hajajibu, usimfuate tena. Mwache aamue.

Nimeomba likizo Desemba. Safari hii nataja tarehe: 14. Mwambie mama asali misa moja tu.

Hilari


Ilembo, Mpanda
17 Novemba 2024

Kaka Hilari,

Shikamoo. Mama amefurahi mpaka amenunua jogoo na kumfunga mguu tangu sasa. Anamlisha, anamwambia jina lako. Glory ameuliza kama utamsahihishia hesabu, nimemwambia kuna mtu wa hesabu hapa, wewe ni mtu wa maneno.

Elia amerudi.

Hakujibu barua. Alitokea tu, Jumatatu ya kwanza ya masomo, na begi moja na debe la asali, si zawadi yetu, alikuwa anampelekea mnunuzi mjini. Baba yake alikuja naye mpaka getini. Nilipotoka darasani walikuwa wamesimama. Mzee alinipa mkono, akanieleza kwamba kurasa tatu zile Elia alizisoma mwenyewe mbele ya kanisa baada ya ibada, polepole, na watu wakasubiri. Akasema barua ya kwanza ameichana. Akaondoka kuwahi gari.

Elia hakunishukuru, na nilikuwa nimejiandaa asinishukuru. Aliomba aonyeshwe mashine. Mkutubi akamwonyesha. Aliweka ukurasa wa kitabu cha nyuki chini yake, akasoma aya mbili kwa sauti, kisha akauliza maktaba inafungwa saa ngapi. Akaambiwa saa kumi na mbili jioni. Akauliza, "Na wanaoona, wakitoka hapa wanaenda kusomea wapi?" Mkutubi akasema bwenini. Elia akasema, "Mimi siwezi kuibeba hii bwenini. Kwa hiyo mfunge saa tatu." Mkutubi alikuja kwangu amekasirika. Wiki hii wanafunga saa tatu, wanapokezana zamu na Krispini.

Alhamisi iliyopita tulikuwa chumba namba sita kama kawaida, tunazungumza habari za vinasa sauti, nani apewe na kwa muda gani. Mlango ukafunguliwa, Elia akaingia, akapapasa kiti, akakaa. Kassiani, ambaye amestaafu lakini Alhamisi bado anakuja, akamwambia kwa upole kwamba hiki ni kikao cha wafanyakazi.

"Mnazungumza habari zangu," Elia akasema, "na mimi nipo."

Edina akamsogezea karatasi ya ajenda, akakumbuka, akauchukua, akaanza kumsomea. Elia akamzuia. Akasema ajenda ya kwanza tunaweza kuiruka, kwa sababu yeye ana yake ya kutangulia.

Tukaiandika ya kwake juu: habari za wanafunzi zisizungumzwe bila wanafunzi kuwepo. Ilituchukua saa nzima, na hatujaimaliza.

Mdogo wako,
Klementina